Mzee Breki na Alama Arobaini na Moja

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Breki na yeye akaitika bila kinyongo, alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1951, katika nyumba ya mlinzi wa msitu iliyo juu ya kona ya pili ya mto. Alikuwa mtoto wa tatu na wa kwanza wa kiume. Anayewasomea wasifu huu ni mdogo wake, fundi baiskeli. Familia imemwomba afupishe, na ameahidi kujaribu.

Mama yao alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alizaliwa akashika ukingo wa kitanda, na kwamba mkunga ilibidi ambandue kidole kimoja kimoja. Mama alipenda kutia chumvi, kwa hiyo hilo tuliache. Lakini wote waliokua naye wanakubali kwamba aliogopa mapema na aliogopa vizuri. Aliogopa ngazi, visima, matawi makavu na mbwa aliyefungwa kwa kamba nyembamba. Hakuogopa giza wala hadithi za mazimwi. Akiulizwa kwa nini, alijibu kwamba mazimwi hayavunji mguu.

Alianza darasa la kwanza Januari 1959, katika shule ya ng'ambo ya mto. Njiani kulikuwa na daraja la mbao lisilo na kingo. Watoto wenzake walilivuka mbio wakishindana. Yeye alivuka akihesabu mbao na kuigonga kila moja kwa kisigino, akachelewa kila siku, akachapwa kila siku. Asubuhi moja alisimama mbele ya mwalimu mkuu, kijasho chembamba kinamtoka, akasema ubao wa tisa umeliwa kwa chini. Alichapwa kwa hilo pia. Siku ya tatu yake mwalimu mkuu mwenyewe alipita pale na baiskeli yake mpya, ubao wa tisa ukaachia, na watu walimkuta amening'inia kwa makwapa huku baiskeli ikienda na maji. Tangu hapo kila asubuhi mwalimu mkuu alimngoja kijana huyu getini amuulize habari za daraja.

Mdogo wake alikuwa mmoja wa wale waliovuka mbio. Alimcheka kaka yake siku ile, akaendelea kumcheka kwa miaka zaidi ya sitini. Hii isemwe mapema, kwa sababu msomaji hapendi kujificha leo.

Baada ya shule ya msingi marehemu alisoma sekondari miaka minne mjini, akilala kitanda cha chini, ambacho alikipata kwa kumfulia nguo mwenye nacho muhula mzima. Kisha akajiunga na chuo cha upimaji wa barabara, akapata cheti chake tarehe 9 Novemba 1973. Idara ya barabara ilimwajiri mwaka uliofuata kuwa mpimaji wa miteremko. Kazi ilimkaa. Alikuwa na fimbo ya kupimia, kamba, kifaa kidogo cha shaba cha kusoma mwinuko, na tumbo lake, lililopata joto kila penye hatari. Wakuu wake walicheka tumbo hilo mpaka walipogundua kwamba kifaa cha shaba na tumbo havikupishana kamwe.

Tarehe 19 Agosti 1978 alifunga ndoa na fundi cherehani aliyekuwa akishona mahema na mifuko ya safari katika duka la vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta. Walikutana alipopeleka begi la daftari lishonwe mara mbili, kisha akarudi kuomba lishonwe mara ya tatu. Siku ya harusi, msafara ulipofika juu ya mteremko wa kiwanda cha mbao, bwana harusi alisimamisha magari akaomba watu wote washuke wateremke kwa miguu, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha. Kilomita mbili na robo, na viatu vya harusi. Shangazi wa bibi harusi alinung'unika njia nzima na hajaacha hadi leo. Bibi harusi hakunung'unika. Aliwaambia dada zake kwamba wanaume wote waliomposa walimweleza wanachoweza, na huyu peke yake ndiye aliyemweleza anachoogopa. Mungu aliwajalia mtoto wa kike na wa kiume.

Sasa tuje kwenye kazi ambayo wengi wenu mnamjua nayo. Kuanzia mwaka 1984 wageni wa baiskeli walianza kupita katika bonde letu, watu wenye mifuko pembeni mwa magurudumu na mahema mgongoni, wakifuata mto kati ya vilima na msitu. Walikuja wanne, wakarudi watatu na mmoja juu ya gari la kubeba mbao. Mwenye nyumba ya wageni ya darajani alichoka kufunga watu bandeji sebuleni kwake, akamwomba marehemu aandike njia zinazopitika. Marehemu aliacha kazi ya idara mwaka 1988, akaandika njia saba katika daftari, nalo likachapwa kuwa kijitabu. Fupi ni kilomita ishirini na mbili, ndefu ni mia na arobaini.

Kila njia aliipita mara tatu kabla ya kuiandika: mara moja kukiwa kukavu, mara moja mvua ikinyesha, na mara moja akiwa na mzigo kamili. Tumbo lilipopata joto alisimama palepale, akapima, akaandika. Alama moja ya penseli nyekundu maana yake shika breki. Alama mbili, nenda mwendo wa mtu anayetembea. Alama tatu, shuka utembee. Alama hizi tatutatu yeye aliziita kushuka, na kila alipomaliza kurekebisha daftari lake kuu aliandika idadi yake kwa wino chini ya ukurasa wa mwisho. Idadi ya mwisho aliyoiandika, baada ya mafuriko ya 2019 kuhamisha njia na kung'oa madaraja, ilikuwa arobaini na moja.

Aliyewahi kufuatana naye msituni anajua ilivyokuwa. Mchana kweupe kule chini ya miti ni nusu giza. Mto unausikia lakini huuoni, na mteremko unaanza kwa upole, kama mtu anayekukaribisha. Yeye alikuwa akisimama ghafla bila sababu inayoonekana, uso umembadilika, na wewe nyuma yake ukajikuta nawe roho mkononi kabla hujajua kuna nini. Kisha anakuonyesha: ukoga kwenye jiwe, kona inayojikunja mara mbili, korongo lililofunikwa na majani. Kwa miaka thelathini na nne, hakuna mtu aliyefuata kijitabu chake akafa katika bonde hili. Waliokipuuza walivunjika hapa na pale, na wengine wao walirudi mwaka uliofuata wamekikunja vizuri kwenye nailoni juu ya usukani.

Ugonjwa ulianza kwa furaha. Tarehe 6 Februari 2022 mdogo wake alikuwa mlangoni mwa karakana yake, chini ya mteremko wa kiwanda cha mbao, akaona baiskeli inateremka kasi hata akadhani ni kijana wa mjini. Alikuwa Mzee Breki, umri miaka sabini, shati limejaa upepo, anacheka. Mdogo wake alipiga makofi. Alimnunulia soda, akawaita mafundi wote waje waone miujiza. Ndani ya mwezi ule marehemu alipanda juu ya bati kutazama mandhari, akaacha kufunga mlango, akavuka mto penye mkondo akiwa amebeba viatu kichwani. Watu walimpongeza. Ilisemekana uzee umemkomboa.

Mkewe peke yake hakucheka. Siku moja alikwenda karakana, akasimama katikati ya magurudumu bila kukaa, akamwambia mdogo wa mumewe, "Shemeji, yule si mume wangu. Mume wangu anaogopa."

Shemeji akamjibu ashukuru Mungu. Hayo ndiyo maneno aliyomwambia. Alirudi kukaza spoki, na mama wa watu akaenda zake.

Mwanzoni mwa 2023 nakala za kijitabu cha kabla ya mafuriko zilikuwa zimekwisha, na marehemu akasema atalitazama daftari kuu upya kabla halijapelekwa kwa mchapaji. Alikaa nalo siku nne kwenye meza ya jikoni, na penseli na ufutio. Mdogo wake ndiye aliyelipeleka mjini. Akiwa njiani alilifungua, akaona kurasa safi. Alama nyekundu nyingi hazipo tena, na mahali pake yameandikwa maneno ambayo kaka yake hakuwahi kuyaandika: "Achia baiskeli iende." Alifurahi kutoka moyoni, jamani. Aliona kaka yake hatimaye amekuwa mwanamume. Vijitabu mia tatu vilichapwa Aprili.

Tarehe 17 Mei 2023 marehemu aliweka kiganja juu ya jiko la moto na hakukiondoa mpaka mkewe alipomvuta. Alipelekwa hospitali ya mjini, akapigwa picha ya kichwa. Saa tano asubuhi daktari aliwaita mkewe na mdogo wake kwenye korido, akawaonyesha uvimbe, akaeleza kwamba umekaa mahali panapomfanya mtu aogope, na umepaziba. Kisha akasema, "Chochote alichoamua tangu mwaka jana, mkiangalie upya."

Mkewe akamgeukia shemeji yake. Hakumlaumu. Alimuuliza tu kama mjukuu alishaondoka.

Alikuwa ameshaondoka. Mjukuu huyo, binti wa binti yake, alikuwa na umri wa miaka ishirini, na asubuhi hiyo alikuwa ametoka na wageni wanane kwa njia ya tano, safari yake ya kwanza ya kuongoza, na kila mmoja wao ana kijitabu kipya. Njia ya tano inashuka kwenye kinu cha zamani: karibu kilomita mbili chini ya miti, kisha kona ya kushoto, kisha daraja lisilo na kingo. Simu hazishiki kule. Mdogo wa marehemu alikimbia hadi stendi ya magari ya mbao, akapakiwa na dereva ambaye hakuuliza swali, wakafika kwenye daraja hilo la kinu saa nane kasoro. Kutoka pale alipanda kwa miguu. Mtu huyu hakuwahi kuogopa kitu maishani mwake, na sasa aliogopa. Kila jani lililoanguka alidhani ni baiskeli inakuja.

Ilikuja kweli. Alisikia mlio wa breki, kisha hakusikia chochote. Chini ya kona alimkuta mwalimu wa hesabu, mmoja wa wale wanane, amelala juu ya ukoga, mguu umeelekea upande usio wake, na baiskeli yake hatua tatu kutoka ukingoni. Mwalimu huyu na mwenzake walikuwa wametangulia. Mwenzake alipona kwa kujitupa vichakani. Wageni wengine sita walikuwa bado juu, wamesimama, kwa kuwa mjukuu aliwakatalia kuteremka. Baadaye bibi yake alimuuliza alijuaje. Alisema, "Babu hakuwahi kuniambia niachie kitu chochote kiende."

Mwalimu wa hesabu yupo nasi leo, kiti cha tatu kutoka mlangoni, na fimbo yake. Katika miezi iliyofuata alikuja mara nyingi kukaa na marehemu, naye marehemu alimsifu kwa mwendo mzuri, jambo ambalo familia iliona aibu nalo na mwalimu alilichukulia kwa moyo mkubwa.

Vijitabu vilisakwa. Mia mbili sabini na tatu vilirudi, vikachomwa nyuma ya karakana. Lakini daftari kuu lilikuwa limefutwa, na kijitabu cha kabla ya mafuriko kilieleza njia ambazo nusu yake maji yalikuwa yamezichukua. Marehemu alipoulizwa, alilitazama daftari kwa upole akasema haoni cha kuogopa hapo. Hakuwa anaficha. Hapakuwa na kitu tena ndani yake cha kuulizwa. Mkewe ndiye aliyegundua kwamba penseli nyekundu ilikuwa imekandamizwa kwa nguvu, na kwamba ukurasa ukiinuliwa dirishani mikwaruzo inaonekana. Alikaa dirishani wiki tatu, na miwani miwili. Alipata kushuka ishirini na sita. Zilibaki kumi na tano, na idadi ya wino, arobaini na moja, ilikuwa pale chini ya ukurasa wa mwisho ikiwatazama.

Mdogo wake na mjukuu walianza kuzitafuta kwa magurudumu na kwa miguu. Hawakuziona. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika, kutafuta mahali ambapo mtu mwingine aliogopa. Mdogo wake alisimama juu ya miteremko, akalisikiliza tumbo lake, na tumbo likamwambia ana njaa.

Tarehe 4 Machi 2024, baada ya dawa mpya ya kupunguza uvimbe, marehemu aliamka asubuhi akashika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Alimwambia mkewe kwamba anaogopa kufa. Mkewe alipanda kitandani, akamkumbatia, akalia kwa furaha, akamwambia karibu nyumbani. Watu waliokuwa mlangoni hawakujua wacheke au walie.

Alipoelezwa yaliyotokea, na hakuna aliyetaka kumweleza ila aliuliza mwenyewe, aliomba daftari. Hakuweza kushika penseli, kwa hiyo mkewe aliandika. Kwa siku tatu alifumba macho na kuzipita njia saba kwa kichwa, kilomita kwa kilomita. Kila alipofika penye kushuka, hofu ilimkamata upya mzima mzima: jasho, pumzi fupi, meno yakigongana. Ndivyo walivyojua amefika. Siku ya pili mdogo wake alishindwa kuvumilia. Alisema inatosha, mwacheni mgonjwa apumzike, tunamtesa. Marehemu alifumbua macho akamtazama mdogo wake, aliyempiga vijembe maisha yake yote, na alichosema kilikuwa neno moja, "Andika."

Mdogo wake alichukua kalamu kutoka kwa shemeji yake, ambaye mkono ulikuwa umekufa ganzi, akaandika. Aliandika kushuka tano kwa mkono wake. Anataka mjue kwamba alizisikia zote tano ndani ya mwili wake, na kwamba tangu siku ile hajateremka popote bila kuweka mguu chini kwanza.

Jioni ya tarehe 6 walikuwa wamepata kumi na moja. Walikuwa katikati ya njia ya saba, ile ndefu, marehemu akasema amechoka, watamalizia kesho. Asubuhi aliamka ametulia. Aliomba chai, akauliza nani amefungua dirisha, akasema lifunguliwe zaidi. Mkewe alimshika mkono, akaona ni mkavu, akajua. Hakuogopa tena baada ya hapo. Alifariki nyumbani tarehe 19 Machi 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, bila wasiwasi wowote, na wasiwasi wote ukiwa kwa waliomzunguka.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, dada wawili na mdogo mmoja. Familia inawashukuru madaktari na manesi, dereva wa gari la mbao, mwenye nyumba ya wageni ya darajani, na mwalimu wa hesabu kwa kusamehe.

Kuna jambo moja ambalo familia imeamua lisomwe hapa na lichapwe katika karatasi mlizonazo. Vijitabu ishirini na saba bado viko mikononi mwa watu tusiowajua. Mwenye nacho akirudishe, au akichome. Na hata atakayepata kijitabu kilichosahihishwa ajue kwamba kina kushuka thelathini na saba. Nne hazijapatikana. Ziko mahali fulani kwenye njia ya saba, kati ya msitu wa juu na mto, na aliyezijua tunamzika sasa hivi.

Wapo kati yenu waliokuja kwa baiskeli, na njia yenu ya kurudi ni hiyo. Mkifika mahali tumbo likapata joto na msione sababu, msibishane nalo na msione haya mbele ya wenzenu. Shukeni, mtembee, kisha mje mtuambie ni wapi.

Apumzike kwa amani kaka yetu. Woga wake ametuachia sisi, na tunauhitaji.